Falongi ina kosa gani?

Kila mjadala wa vipimo vya Waingereza ukianza lazima atokee mtu wa kuicheka falongi, eti yadi 220, mita 201 na vipointi, nani alikaa akabuni namba ya ajabu hivyo. Mimi naitetea. Hakuna aliyekaa mahali akaibuni, imetoka shambani.

Jina lenyewe ni Kiingereza cha kale, furh ni mfuo na lang ni refu, yaani urefu wa mfuo mmoja wa plau. Sasa plau zao zilikuwa nzito, zinavutwa na maksai hata wanane, na aliyewahi kulima na ng'ombe kule Shinyanga atakwambia kwenda mbele sio ishu, balaa lipo kwenye kugeuza. Ndo maana mashamba yalikuwa membamba na marefu, unanyoosha mpaka ng'ombe wanahitaji kupumua halafu ndo unageuka. Falongi moja kwa upana wa yadi 22, hiyo ndo ekari, kwa makadirio ya zamani kazi ya siku moja.

Ekari hiyo hiyo tunayouziana huku! Sisi tumeifanya mraba, hatua 70 kwa 70, na ukinunua shamba angalia nani anapima maana muuzaji ghafla anakuwa na miguu mifupi.

Na maili nayo ilibidi iipishe falongi. Maili ya Warumi ilikuwa hatua elfu (wao kulia na kushoto walihesabu hatua moja), futi 5,000, ila Uingereza ardhi ilishapimwa kwa mfuo, na huwezi kubadilisha mipaka ya watu hivi hivi, so mwaka 1593 enzi za Elizabeth wa Kwanza sheria ikasema maili ni falongi 8, na ndo zikapatikana futi 5,280 ambazo nazo watu wanazicheka bila kujua zimetokea wapi.

Haijafa lakini. Mbio za farasi Uingereza na Marekani bado wanahesabu falongi, farasi anaitwa Secretariat alivyoshinda mbio za Belmont Stakes kule Marekani mwaka 1973 zilikuwa falongi 12 kwa dakika 2 na sekunde 24, rekodi ya mbio zile mpaka leo, na sijaona shabiki wa farasi anayelalamika kwamba hesabu inamsumbua, wanaolalamika ni sisi wa kwenye simu.