Nilifunga Gari, Nikawa Muuza Sambaza

Mbele ya butiki yangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna nafasi ya magari manne. Matatu, kama dereva wa kwanza ameegesha kiupande. Nafasi hiyo sikuikuta. Niko upande wa mtaa wa Birere, palepale lava ya volkano Nyiragongo ilipopita Januari 2002 ikienda kujitupa Ziwa Kivu, na hapo panapoegeshwa leo palikuwa na mgongo wa jiwe jeusi unaomaliza viatu. Mimi na vijana wawili tuliuponda kwa nyundo wiki tatu. Nyundo mbili zilikatika mpini, mimi kiuno. Kwa hiyo nikiona mtu ameegesha, amebana mlango, amevuka barabara bila hata kunitazama, kinachouma kwanza ni kiuno, moyo unafuata.

Maana hawanunui! Huyu anakwenda saluni, yule kubadilisha dola, mwingine kanisani mpaka mchungaji achoke, na yule mchungaji wetu hachoki. Mteja wangu anayetaka gunia la unga anazunguka mara mbili, anakosa pa kusimama, anaishia kwa jirani.

Nilianza na ubao: PARKING YA WATEJA TU. Asubuhi yake mama wa maandazi akauegemezea beseni lake. Nikaanza kuwauliza watu kwa adabu. Kijana mmoja akanunua biskuti ya franga 200, akaimega mbele yangu, akasema, "Sasa niko mteja, patron." Gari lake likaondoka saa kumi na moja jioni. Nikapanga mawe makubwa na kuyapaka rangi nyeupe. Vijana wa motari, wale wa pikipiki za abiria, wakayafanya viti, na mpaka leo wananishukuru.

Ndipo nikanunua mnyororo.

Nilisimika mabomba mawili kwa simiti, nikaweka kufuli kubwa la bei ndogo. Jumamosi, saa saba mchana, Toyota nyeupe ikaingia, usukani kulia kama magari mengi ya mji huu. Akashuka bwana wa suti, simu sikioni. Nikamwambia, "Papa, hapa ni pa wateja." Akaninyoshea mkono juu, kama waziri anayesalimia umati uwanja wa ndege, akapotea.

Nikavuta mnyororo. Nikafunga. Kha!

"Weye unatafuta maneno," mama watoto akasema kutoka kaunta.

"Natafuta heshima."

Nikakaa mlangoni nikifanya mazoezi ya hotuba yangu. Ilikuwa nzuri, ilianza na jiwe, ikapita kwenye kiuno, ikaishia kwenye dola 10 za faini.

Saa nane jua likatoka lile la baada ya mvua. Harufu ikaanza. Kwanza nilimsingizia mtoto kwamba amevunja yai chini ya rafu. Mama mmoja akaingia kununua sabuni, akavuta pua, akaniuliza, "Papa, sikuizi unauza na makayabo, samaki wa chumvi?" Akatoka bila sabuni. Wa pili hakufika hata kaunta.

Nilifuata nzi. Walikuwa wanajua njia. Ndani ya lile gari, nyuma, chini ya hema la kufunikia mizigo, yalikuwa mabeseni manne ya sambaza mbichi, wale samaki wadogo wa ziwani, na mlango wa nyuma ulikuwa unadondosha maji, tone kwa tone. Maji yakafuata mteremko. Mteremko wenyewe niliutengeneza mimi, kwa nyundo, na unaishia kwenye kizingiti cha butiki yangu.

Bwana wa suti akarudi saa tisa na nusu. Alikuwa amesimama dakika tano tu, alisema, kupeleka bahasha kwa maharusi kabla ya samaki kwenda jikoni kwa karamu. Akatazama mnyororo, akatazama nzi. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Patron, ni nani alifunga?"

"Ni miye."

"Ufunguo uko na nani?"

"Uko na miye."

"Basi na sambaza iko ya weye."

Vijana wa motari, wamekaa kwenye mawe yangu meupe kama uwanjani, wakapiga makofi. Hotuba yangu sikuiona tena ilikokwenda. Nikakimbilia kufuli nifungue kabla hajahesabu beseni la tatu, nikazungusha kwa hasira, ufunguo ukakatikia ndani. Tukamwita fundi wa kuchomelea. Alikata mnyororo taratibu sana, kila dakika mbili anasimama kupumua pembeni, akadai dola 5 na kuongeza moja ya harufu.

Mzee wa motari ndiye aliyetuamua: mabeseni mawili ya chini, yaliyokuwa bado na ubaridi, yakaenda na mwenye gari, ya juu nikayalipia mimi, bei ya ziwani. Nilipouliza kuhusu dola zangu 10 wote walinitazama kwa huruma.

Jumapili mama watoto alichagua zile zilizokuwa bado nzima, akatandika mahema, akazianika juani. Zilijaza nafasi zote nne. Nilikaa hapo na fimbo nikifukuza paka wa Birere nzima, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu wa kanisani aliyethubutu kuegesha.

Saa tano hivi gari likapunguza mwendo. Mteja wangu wa gunia la unga! Akashusha kioo, akatazama mahema, akapiga honi.

"Patron, hii parkingi ni ya wateja ao ya samaki?"

Akaenda kwa jirani.