Nilivyomsaka Mnyama Ndani ya Pasipoti

Kosa ni la Wafini, watu wa Finland. Mwaka 2012 walitoa pasipoti ambayo ukipeperusha kurasa zake harakaharaka, mnyama mkubwa mwenye mapembe, jamii ya kulungu, anaonekana anatembea. Wanorwei nao hawakukubali kushindwa: ya kwao ukiimulika kwa taa ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho, mandhari ya ukurasani yanageuka usiku. Mambo haya niliyasoma usiku uleule ambao pasipoti yangu mpya ilikuwa mezani.

Pasipoti yangu ya kwanza haikuficha kitu. Jina kwa mkono, tena mwandiko wa mtu mwenye haraka. Picha kwa gundi, muhuri juu yake, basi. Ya pili ilikuja imechapwa, na chini ile mistari miwili ya herufi 44 kila mmoja, yenye vimishale <<< ambavyo husomwa na mashine tu. Hii ya tatu ina ukurasa mgumu. Ukiugonga kwa ukucha unalia ka! ka! kama kadi ya benki.

Nikaanza upekuzi. Nikapeperusha kurasa: hakuna mnyama. Nikarudia kuanzia nyuma, labda huyu wetu anatembea kinyumenyume. Nikaiinua mbele ya balbu. Lo! Namba ya pasipoti ikatokea kwa vitundu vidogo kama vya pini, vimetoboa ukurasa hadi ukurasa. Hapo nikapagawa. Penye vitundu, mnyama hayuko mbali! Ule ukurasa mgumu, ukiutazama ubavuni, ulikuwa kama una matabaka. Nikachukua wembe.

Kumbe matabaka yale huyeyushwa kwa joto yakawa kitu kimoja, makusudi, ili watu wa aina yangu wasifanikiwe. Mimi nilifanikiwa kona moja. Na chipu, ile inayosomwa na mashine za mpakani, ilikuwa mlemle.

Uwanja wa ndege nikaiweka kwenye kioo cha mashine, geti likagoma. Mara ya pili likagoma. Afisa, kijana mdogo, akaichukua, akaipapasa ile kona kwa kidole gumba.

“Mzee, hii imetafunwa na panya?”

Panya lingekuwa jibu zuri sana. Ulimi ukanisaliti. “Hapana mwanangu, nilikuwa namtafuta mnyama.”

Akageuka. “Jamani, njooni msikie.”

Wakaja wanne, mmoja mmoja, na kila aliyefika nilianza upya tangu kwa Wafini. Ndege iliruka nikiwa kwa wa tatu.

Picha za pasipoti hutakiwa uso mkavu, mdomo umefungwa, na miaka yote wapiga picha hunigombeza kwa kucheka. Ya pasipoti ya nne, mpiga picha alinibembeleza nilegeze uso kidogo.