Transfoma ya mtaani: isubiriwe iungue au ikaguliwe?

Kwenye laini za kilovolti 11 na 33 za Tanzania, hoja ya kuiacha transfoma hadi iungue ndipo ibadilishwe si ya uvivu kama inavyosikika. Timu inayozungukia kila transfoma ya kVA 50 (kipimo cha uwezo wake) vijijini inachoma dizeli, inakata umeme kwa saa kadhaa, na mara nyingi inakuta mzigo, yaani umeme unaovutwa na wateja, hata nusu ya uwezo haujafika. Fedha hizo zingeweza kununua transfoma za akiba.

Mjini hoja hiyo inavunjika. Transfoma ya kVA 100 hutoa ampia 144 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu za umeme. Tuseme saa mbili usiku fezi moja inabeba 190, nyingine 80 na 70. Ukijumlisha, mzigo haujafika asilimia 80, na kwenye makaratasi iko salama. Lakini koili ya ile fezi ya kwanza inazalisha joto mara 1.7 ya kiwango chake, na karatasi inayofunika nyaya zake inakaangwa kila jioni. Dawa yake ni mita ya kubana waya, ngazi, na kuhamishia baadhi ya wateja fezi nyingine. Ukipima saa nne asubuhi, muda ambao ni rahisi kuwapata mafundi, huoni kitu.

Wapo wanaosema fyuzi itailinda. Ya laini kubwa haiwezi: kwenye kilovolti 33 transfoma hiyo huvuta ampia 1.75 tu, na fyuzi ndogo kiasi hicho ingekatika ovyo kila msimu wa radi, kwa hiyo huwekwa kubwa zaidi. Inazuia shoti, haizuii mzigo kuzidi. Kazi hiyo ni ya fyuzi za laini ndogo, zile ziendazo kwa wateja, na hapo ndipo penye aibu: ikishakatika mara mbili, mara ya tatu hufungwa kipande cha waya wa shaba. Hata fyuzi halali hudanganya. Laini mbili zenye fyuzi za ampia 160 kila moja zinaruhusu 320 kwa transfoma ya 144.

Vijijini adui mkubwa ni radi. Kinga ya radi ambayo waya wake wa erthi, ule unaopeleka radi ardhini, umeibwa ni pambo la nguzo, hata mafuta ya ndani ya transfoma yawe safi namna gani. Ratiba moja kwa transfoma zote tungeiacha: mjini upimwe mzigo wa usiku, kijijini ipimwe erthi, tena mwishoni mwa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Ukinzani wake ukizidi omu 10, chomeka fimbo ya pili ya erthi, mbali na ya kwanza kwa angalau urefu wa fimbo yenyewe; zikikaribiana zinagombea udongo uleule.