Mvua ya wastani haisukumi jiwe

Chota mchanga wa mto unaoshuka kutoka mlima wa granaiti, uutandaze kiganjani. Kama mlima huo uko kwenye baridi au ukame, utakutana na punje mchanganyiko: kwatzi inayong'aa kama kioo kilichovunjika, feldspa nyeupe au ya waridi ambayo kingo zake bado ni kali, na vipande vya maika vyembamba kama magamba ya samaki. Mwamba uleule ukikaa muda mrefu kwenye joto na mvua nyingi, kiganjani hubaki kwatzi karibu tupu. Maji ya mvua yaliyobeba hewa ya ukaa huwa asidi hafifu, na asidi hiyo huinyonya feldspa potasiamu, sodiamu na kalsiamu yake mpaka ikawa udongo laini unaochukuliwa na maji.

Hapo tabianchi imeshaacha alama yake. Hata hivyo, swali la nini hasa hutawala mchanga na tope linalobebwa na mito, tabianchi au ardhi yenyewe, bado linabishaniwa: wapo wanajiolojia wanaoona tabianchi inapewa sifa isiyo yake, na hoja yao si ya kubezwa. Mwaka 2001 watafiti waliopima berili-10, aina ya atomu inayojengeka mwambani kwa miale ya angani na hivyo kuonyesha kasi ya mmomonyoko, katika mashapo (mchanga na tope lililobebwa na maji) ya milima ya Sierra Nevada, California, walilinganisha mabonde ya granaiti yanayopata mvua ya sentimita 20 kwa mwaka na mengine yanayofikia 180. Kasi ya mmomonyoko haikufuata mvua. Mvua mara tisa, na milima haikujali! Kilichoonekana kutawala ni ardhi yenyewe: inainuka kwa kasi gani, na mteremko ni mkali kiasi gani. Mto Amazon nao unawaunga mkono, kwani sehemu kubwa sana ya tope lake hutoka milima ya Andes, ambayo ni kipande kidogo tu cha bonde zima.

Mimi nadhani swali liliulizwa kwa kipimo kisichofaa. Milimita za mwaka ni jumla, na mto wa milimani haufanyi kazi kwa jumla. Jiwe la ukubwa wa kichwa linaweza kulala mahali pamoja miezi na miezi huku maji yakipita juu yake, likaja kusogea usiku mmoja tu wa mafuriko. Mabonde mawili yanaweza kupata mvua sawa kwa mwaka, moja likinyeshewa manyunyu ya kila wiki na jingine likipigwa na tufani mbili, na mizigo yao ya mawe na mchanga isifanane hata kidogo.

Tuitazame Taiwan. Septemba 1999 tetemeko la Chi-Chi liliitikisa milima yake na kufungulia maporomoko maelfu kwa maelfu. Wa upande wa pili watasema hiyo ni kazi ya ardhi, na ni kweli. Lakini kifusi kilichoangushwa kilikuwa bado kimelala miguuni mwa miteremko, na waliokibeba ni tufani za miaka iliyofuata. Agosti 2009 ikaja Morakot, ikamwaga zaidi ya milimita 2,500 za mvua milimani kwa siku chache. Hebu itafakari namba hiyo: hicho ni kimo cha maji kinachompita mtu mrefu, na kilidondoka juu ya miteremko ambayo tayari ilikuwa imelegea. Ukiigawanya mvua hiyo kwa siku za mwaka, imetoweka, na tufani imetoweka nayo.

Kuna sababu nyingine inayoifanya mvua ionekane haina kazi, nayo ni mimea. Mwaka 1958 watafiti Langbein na Schumm walionyesha kwa mchoro, kwa data za Marekani, kwamba mashapo huongezeka mvua inapopanda kutoka jangwani hadi karibu milimita 300 kwa mwaka, kisha hupungua, kwa sababu nyasi na misitu hushika udongo. Mchoro huo umepingwa sana kwa maeneo mengine, na sitautetea kila mahali. Unachofundisha ni kwamba tabianchi inabomoa kwa mkono mmoja na kufunika kwa mwingine, na anayepima matokeo ya mikono yote miwili kwa pamoja anaweza kupata sifuri.

Mteremko ninaukubali kwa jambo moja kubwa: ndio unaotoa muda. Punje inayoporomoka moja kwa moja kutoka mwambani hadi mtoni haijapata nafasi ya kuoza, hata mvua iwe nyingi namna gani. Kwenye bonde la mto Orinoco, Amerika Kusini, mchanga wa Andes hupoteza punje dhaifu unapolala kwenye tambarare za joto ukingojea mafuriko ya kuusogeza tena. Kwa hiyo anayeshika jiwe la mchanga la kale lenye kwatzi tupu asikimbilie kusema palikuwa na joto na mvua, maana huenda punje hizo zilishasafishwa zamani, kabla hazijamomonyoka kutoka jiwe jingine la kale zaidi.

Tena baadhi ya watafiti walewale wa Sierra Nevada walirudi na matokeo mengine mwaka 2004, safari hii kutoka maeneo ya granaiti yenye tabianchi za aina nyingi. Walipoangalia ni kiasi gani cha mwamba kinayeyushwa na maji badala ya kubebwa kama chembe, joto na mvua vilionekana wazi. Matokeo ya 2001 hunukuliwa kila mara. Haya ya pili mara chache.

Na bado kuna tatizo la chupa ya kuchotea sampuli. Sampuli za tope huchotwa siku ambazo mtu anaweza kusimama ukingoni. Usiku wa tufani daraja limefunikwa au limesombwa, na mzigo wa usiku ule huingia kwenye hesabu kwa makadirio.