Ndoo ya lita 20 na mche mmoja wa sabuni

Siku hizi mama anayenunua mche wa sabuni dukani kwa Mangi huambiwa anatupa hela. Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, semina za ujasiriamali na video za simu, wimbo ni ule ule: nunua malighafi, koroga ndoo, utapata lita 20 za sabuni ya maji na bei za dukani utazisahau. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Salfoniki na slesi, ambazo ndizo dawa za kusafisha, pamoja na soda ashi ya kuzima asidi ya salfoniki, hupatikana rejareja, na kukoroga hakuhitaji moto. Tena kwenye maji magumu, kama ya visima vingi vya pwani vilivyopita kwenye mawe ya matumbawe, sabuni hii hutoa povu pale ambapo mche huacha utando kwenye beseni. Kwa vyombo na sakafu, sina ugomvi nayo.

Kwenye kufua ndipo hesabu inaponitatiza. Lita 20 zinasikika nyingi mno. Vipimo vinavyozunguka sana ni lita 1 ya salfoniki na nusu kilo ya slesi. Salfoniki karibu yote ni dawa yenyewe. Slesi karibu theluthi yake ni maji. Ukijumlisha, kinachosafisha ndani ya ndoo nzima ni kama kilo 1 na gramu 350. Kilichobaki ni maji, chumvi, rangi na manukato. Yaani kila lita ina gramu zisizofika 70. Mche wa kawaida wa kilo 1, kwa upande wake, sabuni halisi huzidi nusu ya uzito wake, kwa hiyo unabeba kilichomo kwenye lita 8 hivi za ndoo. Basi kabla ya kumcheka mwenye mche, gawanya gharama ya ndoo kwa 20, zidisha kwa 8, ongeza nauli ya kufuata malighafi, kisha ukaulize bei kwa Mangi.

Wakorogaji watajibu kwamba gramu kwa gramu dawa zao zinashinda sabuni ya mafuta, hasa kwenye maji magumu. Ni kweli, na ile 8 itashuka. Lakini mche hupakwa kwenye kola na pindo tu, ukawekwa pembeni ukauke. Ya maji humiminwa, na mkono wa kumimina hauna kipimo, sembuse akitumwa mtoto.

Kisha kuna ule uzito wa sabuni ya maji unaosifiwa, yaani kutokuwa majimaji. Unatokana na chumvi, na chumvi ikizidi sabuni hurudi kuwa nyepesi. Hausemi lolote kuhusu madoa. Salfoniki nayo ni asidi: soda ashi ikipungua, mikono inawasha, ikizidi, kanga inapauka. Wengi hupimia kijiko na macho. Na sijui nani alianzisha kufungasha sabuni ya rangi ya chungwa kwenye chupa za juisi, ndani ya nyumba zenye watoto.

Hesabu hugeuka ukifika Kigoma, kunakolimwa michikichi. Kilo 1 ya mawese huhitaji kama gramu 140 za kostiki soda ili igeuke sabuni ya kipande, na familia yenye michikichi yake hutumia hata mafuta yaliyochacha yasiyouzika. Inanunua kostiki soda tu. Soda yenyewe ni kali: huunguza ngozi, hula sufuria ya alumini, na ndiyo hutiwa kwenye maji, kamwe si maji juu yake. Vipande navyo viachwe wiki 4 hadi 6 vikauke, la sivyo vitayeyuka kwenye beseni upesi. Huko ningemshangaa anayenunua mche, isipokuwa kama ana watoto wadogo na hana mahali pa kuificha ile soda.