Kapteni Majid huku Maskati, na sauti tunayowanyima watoto wetu

"Suhqan!" Shujaa wa katuni ya Kijapani iliyotiwa Kiarabu akibwagwa chini, hilo ndilo neno linalomtoka. Adui akikasirika atasema "tabban lak!", na kundi likitaka kuondoka litaitana "hayya bina!". Hapa Maskati, muuza duka wa Ruwi hasemi hivyo, wala mvuvi wa Mutrah. Wao ni "yalla" na "khalas". Lakini mtoto aliyetoka Unguja, aliyehifadhi Juzuu Amma na Tabaraka chuoni, anazitambua sauti hizo pale pale: "fasuhqan" imo katika Suratul Mulk, aya ya 11, na "tabbat" ndiyo inayofungua Suratul Masad. Kiarabu alichokiimba mbele ya maalim, hapa kinamtoka Kapteni Majid, kijana wa katuni mwenye nywele za kusimama anayekimbiza mpira.

Sisi tunaoishi huku na kuzipenda anime, yaani katuni za Kijapani, kwa Kiarabu tangu utotoni tuna neno la kuwaambia ndugu zetu wa nyumbani. Waarabu hawakuzitafsiri tu katuni hizi. Waliziandika upya kwa lugha yao bora, wakazitungia nyimbo, wakatafuta sauti za waigizaji wa kweli. Na Kiswahili, kwa umbo lake, kinakaa katika midomo ya Kijapani vizuri kuliko Kiarabu. Kazi tu ndiyo haijafanywa.

Tazama walivyoanza. Grendizer, katuni ya roboti iliyotoka Japani mwaka 1975 ikiwa na vipindi 74, ilitiwa Kiarabu Lebanon wakati nchi ile imo vitani. Jihad al-Atrash ndiye aliyempa shujaa sauti, na Sami Clark akaimba. Leo Riyadh ina sanamu ya roboti huyo yenye urefu wa mita 33.7. Kuwait, taasisi ya pamoja ya nchi za Ghuba ikachukua katuni ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1978, Future Boy Conan, ikaitoa kwa jina la Adnan na Lina. Kisha Damascus, kituo cha Al-Zuhra, kinachojulikana pia kama Venus, kikawa kiwanda chenyewe. Spacetoon, televisheni ya katuni ya Kiarabu, ilipoanza kurusha mwaka 2000, sehemu kubwa ya kilichoonyeshwa ilitoka huko: Detective Conan, Kapteni Majid wa baadaye, Hunter x Hunter kwa jina la Al-Qannas.

Karibu zote zilisema fus-ha, yaani Kiarabu sanifu, na sababu yake ni ya sokoni kabla ya kuwa ya kitaaluma. Kipindi kinachouzwa kutoka Morocco mpaka Oman hakiwezi kusema Kishami, lahaja ya Syria na Lebanon, maana mtoto wa Algiers hatakifuata. Fus-ha haina kwao, kwa hiyo haimkeri mtu. Faida ya pili ilikuja yenyewe: watoto wakaingia skuli masikio yao yamekwisha kuzoea irabu za mwisho, muthanna (umbo la vitu viwili) na majazi ambayo mwalimu alikuwa bado hajayafundisha.

Sasa linganisha na nyumbani. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara ikapata televisheni yake mwaka 1994. Pamoja na kutangulia huko, mtoto wa Mwanakwerekwe akitaka anime leo, anaipata kwenye simu au flashi yenye maandishi ya Kiingereza, au anaipata ikiwa na msimulizi mmoja aliyepanda juu ya sauti za Kijapani. Usimulizi huo ni sanaa, nami nauheshimu. Lufufu aliijenga Dar es Salaam, na DJ Afro anaendelea nayo Kenya. Ila ni sanaa ya hadhira ya kibandani: msimulizi anachekesha, anaeleza, anatania, na sauti ya mama, ya mtoto na ya jini zote ni yake. Mtoto hapati mazungumzo. Anapata habari za mazungumzo.

Huku Maskati hasara imekaa upande mwengine. Nyumba nyingi za watu wenye asili ya Zanzibar bado zinasema Kiswahili jikoni na barazani, na bibi anazungumza Kiunguja kisichochujuka. Mjukuu anamwelewa, lakini anamjibu kwa Kiarabu. Watu wanalaumu skuli. Mimi naona skrini ina sehemu kubwa zaidi, kwa sababu skrini ndiyo inayomchekesha na kumliza, na inafanya hivyo kwa Kiarabu kizuri mno. Kiswahili kimebaki lugha ya kuambiwa "kaoge" na "kale".

Kwa Mswahili mgeni wa huku anayetaka kujifunza Kiarabu kwa njia hii, anzia Detective Conan, katuni ya upelelezi, na si za mapigano. Za mapigano ni makelele, na msamiati wake unarudi ule ule. Conan amejaa maneno tuliyonayo: dalil ni dalili, shahid ni shahidi, sirr ni siri, khatar ni hatari, sabab ni sababu. Tazama kipindi kimoja mara tatu. Mara ya kwanza fuata kisa tu. Ya pili, andika maneno kumi unayodhani unayajua. Ya tatu, simamisha kila yanapotokea uone kama ulidhani sawa. Jihadhari na ndugu waliopotezana: "tafaddal" si tafadhali yetu ya kuomba, ni ya kukaribisha na kumpa mtu kitu, na anayeomba husema "min fadlik" au "arjuk". "Ajal" si ajali ya gari, ni muda wa mtu kufa uliokwisha kuandikwa. "Ta'ifa" si taifa, ni kundi au madhehebu. Anayeyabeba maneno haya kama yalivyo Kiswahilini atakipata kisa kimepinda.

Kazi ya Waarabu ina kasoro, na mpenzi wa kweli anazijua. Mvinyo uligeuzwa sharubati. Wapenzi waligeuzwa ndugu, na baadaye mazungumzo yao yakawa hayaeleweki kwa nini yana machozi mengi hivyo. Vipande vilikatwa, na mkato unasikika: muziki unaruka. Majina nayo yalibadilishwa, Tsubasa akawa Majid, Wakabayashi akawa Walid, Hyuga akawa Bassam, Misaki akawa Yasin, halafu ubao wa uwanjani bado una maandishi ya Kijapani. Kwa watoto wa 1990 ilifaa. Kwa Kiswahili haina haja. Naruto, Sakura, Hinata, Kakashi: majina haya yanaishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano zile zile za kwetu. Wakabayashi karibu ni jina la ukoo wa Pwani. Tahadhari ni moja, lakini nzito: neno la Kijapani la dubu ni tusi kubwa kwetu, na limo katika jina la mhusika mashuhuri wa katuni ya One Piece. Hilo lazima libadilishwe kabla mtu hajaingia studio.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Anime ya televisheni haichori midomo inayotamka herufi. Kwa kawaida kuna michoro mitatu tu: mdomo uliofungwa, uliofunguka nusu, uliofunguka wote. Anayeandika maneno ya kuingiza sauti anahesabu mifunguko, kisha anatafuta silabi zinazolingana nayo. Kijapani kina silabi za konsonanti na irabu, ukiacha ile n ya mwisho, na Kiswahili vile vile. Chukua "Yamero!", yaani acha. Mdomo unaishia wazi kwenye o. Kiarabu kinasema "Tawaqqaf!", na sauti inafungwa na f, meno juu ya mdomo wa chini, huku mchoro umeachama. Kiswahili kinasema "Wacha!", na ukitaka kuivuta unaivuta, "Wachaaa!", mpaka picha iishe. Tena kitenzi chetu kinabeba mtu, wakati na mtendwa kwa pamoja: "nitakulinda" ni silabi tano, na hakuna la kuongeza.

Adabu nayo. Kijapani kina tabaka za heshima ambazo fus-ha inazivusha kwa "ustadh" na "akhi". Sisi tuna kaka, dada, ami, shangazi, somo, maalim, fundi. Anayerudi nyumbani Japani husema "tadaima", naye hujibiwa "okaeri". Kwa lugha nyingi watafsiri hutoka jasho hapo. Kwetu ni "Hodi!" na "Karibu!", basi. Na lipo moja ambalo fus-ha haiwezi kabisa: Hattori, mpelelezi wa Osaka katika Conan, anasema lahaja ya kwao, na mzaha wake nusu umo humo. Katika Kiarabu anasema kama kila mtu. Katika Kiswahili sanifu, chenye msingi wa Kiunguja, Hattori angepewa Kimvita. Angesema "ndoo" pale wengine wanaposema njoo, na "mato" badala ya macho, na mtoto wa Unguja, wa Goma na wa Bujumbura wote wangejua mara moja kuwa huyu si wa hapa. Mwandishi awe Mmombasa tu, asiwe mtu wa kuigiza Kimvita.

Uwezo upo. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa na sauti za Kiswahili, na watu waliikalia kitako. Kwa hiyo maneno ya kwamba hatuna waigizaji hayana msingi. Kinachoharibu kazi ni mambo madogo yasiyoangaliwa.

La kwanza ni haki na vifaa. Mwenye katuni auze haki ya lugha pamoja na haki ya nchi, maana ukinunua Tanzania peke yake, watoto wa Maskati na Mombasa wako nje. Dai nakala ya muziki na milio isiyo na sauti za watu. Bila hiyo, kila mhusika anapofungua mdomo utalazimika kuukata muziki, na ndiyo maana katika katuni za zamani za Kiarabu muziki wakati mwengine unakufa ghafla mtu anaposema. Dai maandishi ya Kijapani, si tafsiri ya Kiingereza. Ukipitia Kiingereza, heshima zote zimekwisha kuanguka njiani.

La pili ni kasi ya picha. Katuni ya Kijapani ina fremu (picha moja moja) 23.976 kwa sekunde, na televisheni ya kwetu na ya huku imezoea 25. Ukiichezesha kwa 25, kipindi cha dakika 24 kinapungua karibu dakika nzima, na sauti inapanda kidogo. Haina ubaya, mradi uamue mapema. Ubaya ni kurekodi sauti juu ya nakala ya 25 kisha kuzibandika kwenye nakala ya 23.976: mwanzo zinakwenda pamoja, dakika ya kumi midomo imeachwa nyuma, na fundi anahangaika kuvuta mstari mmoja mmoja.

La tatu ni kurekodi. Kipindi kimoja kina mistari mia tatu hivi. Muigizaji aingie peke yake, shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, ubora wa kurekodi uwe 48 kHz, biti 24, feni na AC zimezimwa. Rekodi nusu dakika ya chumba kitupu kila siku, itakusaidia kuziba mapengo. Rekodi pumzi, kuguna, kukohoa, kucheka chini chini. Wanaojifunza huziacha, halafu mhusika anaanguka kutoka ghorofani mdomo wazi na hakuna sauti. Makelele ya mapigano yawe ya mwisho wa siku, kwa sababu baada ya kupiga kelele mara ishirini koo limechubuka na sauti ya asubuhi hairudi.

Wimbo nao haufai kuachwa kwa Kijapani. Waarabu wazima wanajaa kwenye matamasha ya Tarek Alarabi Tourgane ili kuimba nyimbo alizowatungia wakiwa watoto, na sauti ya Rasha Rizq inawatoa machozi. Nafasi ya wimbo wa kufungulia ni sekunde 90. Shairi letu la mizani kumi na sita linaingia humo bila kulazimishwa: kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mizani moja kwa pigo, kipande cha mizani nane kinachukua sekunde nne, mshororo sekunde nane, ubeti mzima sekunde 32. Beti mbili ni sekunde 64. Zinabaki 26 za kuingilia na kufungia. Mpe mtunzi wa Pemba au Lamu kazi hiyo, na aandike kabla muziki haujatungwa, si baada yake.

Kwa kuanzia, ningechagua katuni ya vipindi 12 au 13 yenye nyumba moja na familia moja, wahusika wachache, mazungumzo ya polepole, bibi mmoja mwenye maneno mengi. Bibi huyo atafutwe kwanza kabla ya shujaa. Atafutwe Michenzani au Mji Mkongwe, mwanamke anayesema Kiunguja cha kwao, na asomewe mstari badala ya kupewa karatasi ikiwa macho yamechoka.