Bendi Kongwe, Prodyuza Kijana na Tarehe ya Mwisho

Albamu ya Hackney Diamonds ya The Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, ilitoka tarehe 20 Oktoba 2023, na ilikuwa ya kwanza kubeba nyimbo mpya za bendi hiyo tangu A Bigger Bang ya mwaka 2005. Miaka 18 ni mingi, hata kwa bendi iliyoanzishwa mwaka 1962. Katika muda huo hawakulala: walizunguka dunia, wakatoa albamu moja ya bluzi za watu wengine, na mara kwa mara waliingia studio na kutoka na vipande ambavyo havikufika mwisho. Hawakupungukiwa nyimbo wala fedha. Alipungua mtu wa kusema sasa tumalize. Hatimaye alisema mwimbaji wao Mick Jagger mwenyewe, ambaye baada ya ziara ya Ulaya ya mwaka 2022 alitaka kazi iwe imekwisha ifikapo Siku ya Wapendanao, 14 Februari 2023. Ninachotaka kupima hapa ni kama haraka hiyo, pamoja na prodyuza waliyemkabidhi usukani, iliijenga albamu au iliipunguzia kitu.

Nayapima haya nikiwa Mbeya, ambako roki haina wapenzi wengi, kwa sababu shauri lenyewe tunalo hapa hapa. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na muziki wake wa dansi, na Tancut Almasi ya Iringa, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ilisikika nchi nzima. Wapigaji wa rika hilo waliobaki wana nyimbo kichwani ambazo hazijawahi kuingia studio. Kila wazo la kuzirekodi linapozuka, huzuka na bishano lile lile: je, kijana mwenye kompyuta awanyooshee kazi, au waachwe wapige walivyozoea?

Prodyuza wa Hackney Diamonds ni Andrew Watt, aliyezaliwa mwaka 1990, wakati bendi ikiwa na umri wa miaka 28. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na wazee kama Ozzy Osbourne na Iggy Pop, lakini pia na Justin Bieber na Miley Cyrus, na orodha hiyo ndiyo iliyowatia shaka wengi. Wanaomtetea wana hoja nzito. Alichukua watu waliokuwa wameshindwa kumaliza albamu ya nyimbo zao kwa zaidi ya muongo mmoja, na ndani ya miezi michache wakawa na nyimbo 12 kamili. Jina lake limo pia miongoni mwa watunzi wa nyimbo tatu, jambo lisilo la kawaida kwa Jagger na mpiga gitaa Keith Richards, ambao wamezoea kutunga wawili tu. Kwa hiyo hakuwa fundi wa kubonyeza vitufe. Alikaa nao kwenye utunzi, na ukisikiliza ule wimbo wa kwanza kutolewa, "Angry", unaona kabisa kwamba kuna mtu aliyekata kila kilichozidi.

Upande wa pili unaanzia hapo hapo kwenye kukata. Mwezi Desemba 2015 bendi hiyo hiyo iliingia studio jijini London na kwa siku tatu ikarekodi Blue & Lonesome, ile albamu ya bluzi iliyotoka mwaka uliofuata. Walipiga pamoja katika chumba kimoja na makosa madogo yakaachwa yalivyo. Sauti ya Jagger pale ina mikwaruzo, harmonika inapasua, na hakuna anayekimbizana na redio. Ukitoka kwenye albamu hiyo ukaingia Hackney Diamonds, unahisi umetoka kwenye jiko la kuni na kuingia kwenye jiko la gesi: chakula kimeiva vizuri, ila harufu ya moshi haipo. Wachambuzi kadhaa walilalamika kwamba sauti zimejazwa na kung'arishwa kupita kiasi, na mimi nawaunga mkono kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya albamu.

Lakini si kila sehemu, na hapa inabidi kumtaja Charlie Watts, mpiga ngoma wao, aliyefariki dunia Agosti 2021. Watts alikuwa na tabia moja ambayo ukishaionyeshwa huachi kuiona. Kila alipopiga ngoma ndogo ya mbele kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia uliinuka na kuliacha toazi bila kuguswa, hivyo pigo likapata nafasi yake peke yake. Zaidi ya hapo, katika bendi hii gitaa la Richards ndilo linaloongoza na ngoma inalifuata, tofauti na bendi nyingi ambamo kila mtu humfuata mpiga ngoma. Ule ucheleweshaji mdogo kati yao ndio mwendo wa Rolling Stones. Ukiuweka kwenye kompyuta na kuupanga mistarini ili kila pigo liangukie mahali pake, utakuwa umesahihisha kisichokuwa kosa.

Watts yumo kwenye nyimbo mbili za albamu hii, zilizorekodiwa kabla hajafa. Moja yake, "Live by the Sword", ina besi ya Bill Wyman, aliyeiacha bendi mwaka 1993, na piano ya Elton John. Nyingine zote zenye ngoma amepiga Steve Jordan, ambaye Watts mwenyewe alimkubali ashike nafasi yake. Jordan ni hodari na ana nguvu. Ila niliwahi kuusikiliza wimbo huo wa Watts, baada ya zile za Jordan, kwenye studio moja ndogo pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, yenye trei za mayai ukutani na godoro limeegeshwa mlangoni, pamoja na mzee mmoja aliyepiga gitaa la rizimu kwenye bendi za dansi miaka ya 1980. Hajui Kiingereza na hakuwa ameelezwa lolote juu ya nani anapiga nini. Ulipoanza aliinua kidole na kusema, "Mwanangu, hapa ngoma wamebadilisha mtu." Prodyuza wa studio ile, kijana makini, hakuwa ameona tofauti yoyote.

Hata hivyo, nisingependa ushuhuda wa mzee utumike kujenga hekaya. Hapa kwetu watu hupenda kusema kwamba bendi za zamani zilirekodi kwa pamoja, bila kukata wala kuunga, kwa sababu ndiyo ilikuwa sanaa ya kweli. Ukweli ni kwamba bendi za mikoani zilishuka mlima Kitonga hadi Dar es Salaam kurekodi Radio Tanzania kwa sababu nafasi ya kurekodi kwingineko ilikuwa ndogo sana, na walipiga wote kwa pamoja kwa sababu mitambo haikuruhusu vinginevyo. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Rolling Stones wao walikuwa na mitambo na waliitumia: albamu yao Exile on Main St., inayosifiwa leo kwa uchafu wake wa asili, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa Ufaransa mwaka 1971 na kumaliziwa Los Angeles, ambako sauti nyingi ziliongezwa juu ya zilizokwishapigwa. Kwa hiyo anayemshtaki Watt kwa kuunga vipande atafute shtaka lingine.

Shtaka hilo lipo, nalo ni la wageni. Lady Gaga na Stevie Wonder kwenye "Sweet Sounds of Heaven" wanastahili kila sekunde, hasa pale wimbo unapoonekana umekwisha kisha unafufuka tena. Lakini Paul McCartney kwenye besi ya wimbo mwingine anasikika zaidi kama habari ya gazetini kuliko kama muziki.

Wimbo wa mwisho ndio unaonifanya nisite kuhukumu. Ni ule wa mwanabluzi Muddy Waters wa mwaka 1950 uliowapa jina lao, na humo wamebaki wawili tu, Jagger na harmonika yake, Richards na gitaa. Prodyuza yule yule anayelaumiwa kwa king'aro ndiye aliyeacha kila mkwaruzo humo. Alijua, basi. Pengine alichokosa ni ujasiri wa kufanya hivyo mapema zaidi katika albamu.

Mzee wetu naye amekubali kurekodi nyimbo zake sita, kwa sharti la kupewa tarehe. Machi haikufaa, maana mvua ikipiga bati pale Mwanjelwa hakuna maikrofoni inayosikia kingine. Tumempangia Juni, na yeye ameshauliza kama studio itakuwa na jiko la mkaa, kwa sababu baridi ya Juni huku inakamata vidole.